Usiwashe Mpaka Nikwambie

Fimbo ya shaba ilizama kirahisi mno, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Mkunga alikuwa amesimama mlangoni mwa banda la gari, kikombe cha chai mkononi, akimtazama mumewe akiipigilia ardhini. Mumewe alikuwa fundi umeme wa kusifika mtaa mzima, ila nyumbani kwake kila kitu kilikuwa kesho. Gari la umeme la mkewe alilichaji kwa waya uliopitishwa dirisha la jikoni, mpaka waya ukayeyuka na pazia likaungua. Ndipo akaona haya, akaanza kufunga soketi ya maana bandani, yenye laini yake peke yake na fimbo ya ardhini, ili umeme ukivuja upate pa kukimbilia.

Alipiga nyundo mpaka jasho likamtoka. Kisha fimbo ikaenda yenyewe. Ilizama karibu yote, kana kwamba kuna mtu chini ameivuta, na harufu ya nywele zilizoungua ikapanda kutoka shimoni.

"Udongo laini huo," fundi alisema, lakini hakucheka, na yeye alikuwa mtu wa kucheka hata msibani.

Alikuwa na sheria moja ya kazi, hakuivunja hata aje nani: anayesimama kwenye meinswichi hawashi mpaka asikie sauti ya aliyeshika waya. Msaidizi wake alikuwa anaumwa, kwa hiyo mkunga ndiye aliyepewa zamu ya koridoni, penye swichi hiyo kuu ya nyumba.

"Bosi, usiwashe mpaka nikwambie," alimwambia. Ndivyo alivyomwita siku zote. "Roho yangu iko kwenye kidole chako."

"Basi nenda ukanifungie soketi, na hizo buti zako usinichafulie sakafu."

Akaondoka, buti za mpira zikilia koridoni, kwii, kwii, kama kawaida yake. Mkunga akangoja. Baadaye akapaza sauti, "Niwashe?"

"Washa, Bosi," sauti ya mumewe ikajibu kutoka bandani.

Akawasha. Papo hapo fundi akaingia kwa mlango wa jikoni, mikono ikichuruzika maji ya bomba.

"Nani kakwambia uwashe?"

"Si wewe?"

"Mimi nilikuwa uani nanawa. Nilikuwa ndiyo narudi kushika zile nyaya!"

Wakatazamana. Mkunga akazima upesi.

Walijaribu njia nyingine. Wakakubaliana kwamba safari hii hakuna maneno, fundi atagonga ukuta mara tatu. Alikuwa bado amesimama ubavuni mwa mkewe, anavaa glavu, waliposikia ukuta wa banda ukigongwa. Mara tatu. Polepole, kwa adabu kabisa.

"Mpigie shangazi," fundi akanong'ona.

Shangazi yake alikuwa mganga wa majumba, mwanamke mfupi asiye na maneno mengi. Aliinama bandani, akaweka kiganja kwenye udongo, akakiondoa upesi kama aliyegusa sufuria la moto.

"Mmempigilia mtu chuma kwenye paa lake bila hodi," alisema. "Jini huyu amekasirika, na mchezo wenu ameshaujua. Fimbo itolewe na aliyeipiga, kwa mikono yake mwenyewe. Ikitoka, naye anatoka. Lakini umeme ukiwaka kabla haijatoka, mwanangu, huyu mume huna."

"Kwa nini huyo jini asiwashe mwenyewe?" mkunga akauliza.

"Swichi ni ya mwenye nyumba. Yeye anakuhitaji wewe."

Jioni ilikuwa inaingia. Shangazi akabaki nje ya mlango wa banda akisoma dua zake, fundi akaingia na koleo, na mkunga akasimama mbele ya meinswichi kwenye korido isiyo na taa, mgongo ukutani, akisikia chuma kikikwaruza udongo.

"Bosi, tayari. Washa."

Akakunja mikono kifuani.

"Washa bwana, sioni kitu huku."

Akauma midomo. Ile sauti ikaanza kulia, kilio cha mumewe hasa, kile alichokisikia mara moja tu walipompoteza mtoto wao wa kwanza, ikamwomba kwa jina la yule mtoto, jina ambalo hawakuwahi kumwambia mtu, na mkunga akaziba masikio huku machozi yakimtoka, akijiambia si yeye, si yeye, mpaka kilio kikakatika ghafla na nyumba yote ikawa kimya, hata dua za shangazi hazikusikika tena.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Fundi akaingia, amelowa jasho, udongo hadi viwikoni, fimbo ya shaba mkononi.

"Imetoka," alisema. "Yameisha."

Mkunga akamrukia shingoni, akalia kwa furaha, akacheka, akamwita kila jina zuri alilolijua. Kisha akageuka, akaweka kidole kwenye swichi. Na hapo ndipo akili yake ikarudi nyuma, ikahesabu kile ambacho sikio lilikuwa limekikosa: buti hazikulia. Aliyeingia alikuwa amevuka sakafu yote kimya, na koridoni kulikuwa na harufu ya nywele zilizoungua.

Kutoka bandani, sauti iliyochoka ikaita.

"Bosi! Usiwashe, imekwama. Nimeishika kwa mikono miwili."

Mkono wa baridi ukaja kutoka nyuma yake, ukafunika wake juu ya swichi, ukaanza kuusukuma taratibu. Mkunga akakaza mkono wake wote, akafungua kinywa kupiga kelele, na sauti haikutoka.

"Bosi?" mumewe akaita tena. "Mbona kimya? Uko na nani huko?"