Mtihani wa Usalama Niliomfanyia Mdogo Wangu

Nina miaka arobaini na moja, mama wa watoto wawili, Mtanzania ninayeishi ughaibuni, mjini Grand Prairie. Naandika haya kama yalivyotokea. Mnihukumu mtakavyo.

Mwaka 2018 nilikuwa msimamizi wa zamu kwenye kiwanda cha kusaga sukari. Mdogo wangu Hamisi alikuwa ndio kwanza amefika kutoka Tanga, nikamwombea kazi palepale. Kabla ya kuanza, kila mtu hukaa kwenye kompyuta, anasoma mambo ya usalama kwa Kiingereza, kisha anafanya mtihani. Kiingereza cha Hamisi kilikuwa cha kuungaunga.

“Dada, nifanyie tu, nitajifunza mbele kwa mbele,” akaniambia.

Ningemkatalia vipi damu yangu? Nikakaa kwenye kiti chake, nikajibu yote. Akapata mia kwa mia! Tulicheka njia nzima ndani ya gari.

Nilikusudia kumweleza nyumbani kwa Kiswahili. Leo nimechoka, kesho nina zamu mbili... ikapita miezi mitatu.

Asubuhi moja aliambiwa asafishe juu ya mashine, vumbi la sukari lilikuwa limejaa. Kwa bidii yake akachukua mpira wa kompresa ya upepo akalipuliza, kama alivyozoea gereji kwetu Tanga. Vumbi likatanda. Hakujua kwamba vumbi la sukari likitanda hewani hulipuka. Cheche moja ya mota... Nilisikia mshindo nikiwa ofisini, vioo vikanimwagikia.

Hamisi aliungua uso na mikono. Macho hayaoni tena.

Wachunguzi walikuja hospitali na cheti chake cha mtihani ule. Walisema alifundishwa, alijua, akapuuza. Mimi ndiye niliyemtafsiria maneno hayo, na nikaficha kwamba mtihani niliufanya mimi. Niliogopa kufukuzwa kazi. Jamani, mimi ni mtu wa namna gani?

Hamisi akawa anajilaumu kila siku. Mwisho akaniuliza taratibu, “Dada, hilo la kupuliza vumbi lilikuwemo kwenye ule mtihani?”

Lilikuwemo. Nililijibu sawasawa, kwa mkono huu huu. Nikamwambia ukweli. Akageukia ukutani.

Kesho yake niliwaeleza wachunguzi kila kitu. Kazi imekwenda, na Hamisi hajanisemesha hadi leo.

Ndugu zangu mlio ughaibuni, nawasihi... mtu wako akikuomba umfanyie mtihani wa usalama, mkatalie. Kaa naye, umweleze neno kwa neno kwa lugha anayoielewa. Akinuna, mwache anune. Mimi natamani Hamisi angeninunia siku ile, akaniangalia kwa hasira kwa macho yake mwenyewe.