Kalenda Moja kwa Macho ya Bibi

Kila asubuhi Bibi huketi karibu na cherehani ya mjukuu wake na kupanga vifungo. Siku hizi huvipanga kwa kupapasa, maana mtoto wa jicho amemziba macho yote mawili. Mdomo, hata hivyo, haujazibwa.

"Mke mwenzangu," humwambia mjukuu wake, ambaye wateja humwita Mama Vifungo, "mume wetu bado kijana, au ameshaota mvi?"

"Mume wetu" ni kaka yake Mama Vifungo, mtunza ghala. Bibi ndiye aliyewalea wote wawili, na utani huo haumchoshi.

Hospitali ilimpangia Bibi upasuaji siku ya Alhamisi. Kaka ndiye angempeleka, kwa hiyo aliandika tarehe hiyo kwenye kompyuta ya ghala. Kisha hospitali ikampigia simu Mama Vifungo: daktari wa upasuaji atakuja Jumanne, si Alhamisi. Mama Vifungo akabadilisha tarehe kwenye kompyuta yake ndogo, akarudi kushona. Alidhani kompyuta zote hupata habari mpya, kama redio zinavyopata taarifa ile ile.

Jumanne yeye alikwenda mbali kupeleka sare za shule. Bibi alivaa, akaketi mlangoni, mkoba mapajani. Alikaa hapo mpaka jioni. Hakuja mtu.

"Dada, mbona hukuniambia?" Kaka alifoka alipopata habari.

"Si niliandika kwenye kalenda!"

"Kalenda yako! Yangu inasema Alhamisi!"

"Acheni kelele," Bibi alisema. "Mimi nilitaka tu kuziona sura zenu kabla sijafa."

Maneno hayo yaliwauma wote wawili, kwa sababu hakuna aliyezembea.

Jirani yao ni fundi wa kompyuta. Wanamwita Mama Nyaya, kwa kuwa mkoba wake haukosi nyaya. Huyu mama mimi namvulia kofia. Anajua mengi na haringi hata kidogo. Alisikiliza kisa chote, kisha akafungua kompyuta ya Mama Vifungo.

"Hii na ya kaka yako hazijuani," alisema. "Kila moja ina kalenda yake. Nyinyi mnahitaji kalenda moja, na kila kompyuta iisome hiyo hiyo."

"Lakini yangu ni ya aina nyingine," Kaka alisema.

"Si neno. Kalenda zina lugha yao, inaitwa CalDAV. Namba za simu na anwani zina CardDAV. Kompyuta za aina nyingi zinaelewa lugha hizo."

"Na bei yake? Tusije tukauza cherehani."

"Bure. Programu ya kuitunza kalenda hiyo inaitwa Radicale. Ni programu huria. Yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuona ilivyoundwa, hata kuirekebisha."

"Watu wametoa jasho, halafu wakaigawa hivi hivi?" Bibi aliuliza.

"Hivi hivi, Bibi."

"Basi Mungu awazidishie!"

Mama Nyaya aliweka Radicale kwenye kompyuta kuukuu iliyokuwa imelala chini ya meza ya vitambaa. Akaiwekea nywila ngumu na njia salama ya kuifikia kutoka nje. Kaka aliomba kwanza ruhusa kazini ya kuongeza programu kwenye kompyuta ya ghala. Kisha wakaweka Thunderbird, programu nyingine huria ya kusomea kalenda hiyo, kwenye kompyuta zao zote mbili.

"Kumbukeni," Mama Nyaya alisema, "kompyuta hii kuukuu ikifa, kalenda inakufa nayo. Kila wiki wekeni nakala kwenye diski nyingine."

Hospitali ilitoa tarehe mpya. Haukupita muda, ikaibadilisha tena. Mama Vifungo alipokea simu akiwa na pini mdomoni. Akaandika tarehe ile, na namba mpya ya simu ya wodi, akaendelea kushona. Kule ghalani, Kaka aliiona tarehe ikihama kwenye kompyuta yake. Akaitafuta namba ya wodi, akaipata. Akapiga simu kuuliza Bibi aje na nini.

Siku ilipofika, Kaka alibisha hodi Bibi akiwa bado anavaa viatu.

Baada ya upasuaji, muuguzi alifungua bandeji ya jicho la kwanza. Bibi alimtazama Kaka kwa muda mrefu.

"Mume wangu! Kumbe mvi zimekujaa hivi?"

Kaka alicheka huku akijifuta machozi. "Leo hii nazipaka rangi, Bibi."

"Thubutu!" Bibi alisema, akimshika kichwa kwa mikono miwili. "Ziache. Nimezingoja sana."