Waya Kwenye Msonobari

Asubuhi ile kinyozi hakuwa na wateja, akaona bora ajishughulishe na msonobari mweusi wa Kijapani alioachiwa na marehemu baba mkwe. Mzee aliupanda ungali mbegu wiki aliyozaliwa binti yake, huyu mke wa kinyozi, akaulea miaka yote ndani ya chungu kipana ubaki mdogo, akiupunguza machipukizi tu. Waya wa kupinda matawi hakuwahi kuufunga. Lakini kinyozi ni mtu asiyeweza kuona kitu kimejikalia kilivyo. Alitaka kuupeleka kwenye maonyesho, na tawi la chini lilimkera kwa kunyooka. Akalizungushia waya, akaliinamisha.

Mama mkwe, aliyeishi nao, alimsihi aufungue siku hiyo hiyo. Mkewe akacheka. "Mwache, mama. Mti huo ndio mke mwenzangu."

Mvua zikaja, wateja nao wakaja, mti ukasahaulika. Mkewe akaanza kulalamikia ganzi ya mkono wa kushoto, kinyozi akawa anamkanda kwa mafuta. Kisha alama ikajitokeza: mstari mwembamba uliouzunguka mkono kutoka begani hadi kwenye kifundo, ukizidi kuzama kila kukicha. Daktari aliuliza kama huwa anavaa kitu cha kubana.

Waliporudi nyumbani mkewe alijilaza. Kinyozi alikwenda moja kwa moja uani. Tawi lilikuwa limenenepa. Waya ulikuwa umezama ndani ya gome.

Alijua la kufanya. Waya uliozama haukunjuliwi. Hukatwa kwa koleo, pete baada ya pete, taratibu. Lakini chumbani mkewe alikuwa analia, na kila kilio kilimkata maini. Akaogopa. Akashika ncha ya waya, akavuta.

Gome likachubuka. Kilio kikapanda. Akavuta tena.

Ko! Kitu kilivunjika.

Tawi lilikuwa zima. Kilio kilikuwa kimekatika.

"Umefanya nini, baba?" mama mkwe alinong'ona mlangoni.

Mkono ulifungwa plasta hospitali. Ilipotolewa, mfupa ulikuwa umeunga, ila mkono haukunyooka tena. Umeinama kwa mkunjo ule ule mzuri alioutaka kinyozi. Daktari hana maelezo. Mama mkwe ameuchukua mti, na kinyozi hathubutu kuusogelea. Lakini kila asubuhi mkewe huufuta mkono ule kwa kitambaa, maana hunata. Na kitambaa kile hunukia msonobari.