Saa ya Kimya ya Wanahisa

Mgeni alibisha hodi asubuhi ya Julai, wakati tiara zikipandishwa. Hiyo ilikuwa saa mbaya ya kubisha mlango wowote Singida, kwa sababu magurudumu yaliyoshika kamba za tiara yalinguruma mji mzima. Kila tiara ilikuwa na upana wa uwanja wa mpira. Ilipaa mpaka kwenye upepo wa juu usiolala, ikavuta kamba yake, kamba ikazungusha gurudumu lililochimbiwa ardhini, na gurudumu likafua umeme. Kisha ilivutwa chini kidogo ikaachiwa tena, siku nzima, juu na chini, kama kifua cha mtu aliyelala. Nusu ya nchi iliwasha taa kwa upepo huo.

Mgeni akabisha tena, safari hii kwa ngumi.

Zilpa Ntandu alifungua mlango akiwa na birika mkononi. Mbele yake alisimama msichana aliyevaa koti zito juu ya sare ya unesi, vumbi jekundu limempanda mpaka magotini.

"Shikamoo, mama. Hapa ndipo wanapokutana wanahisa wa Anga?"

"Marahaba. Ndipo. Nani kakuelekeza?"

"Sokoni. Wameniambia nitafute wazee wanaojua bei ya umeme kuliko bei ya unga."

Kicheko kikatoka sebuleni. "Ndio sisi hao!" sauti ya mwanamke ikasema. "Mwingize, Zilpa, kabla hujatuingizia na baridi."

Sebuleni walikuwa wanachama wawili wengine wa kikundi hicho cha wanahisa. Mwenye kicheko alikuwa Bi Salha, muuza mafuta ya alizeti kwa jumla. Pembeni yake alikaa Mzee Mughwai, karani mstaafu wa benki, ambaye hakuwahi kuvua tai hata siku za mapumziko. Kila wiki walikutana hapo kubishana kama wauze hisa zao za Kampuni ya Anga au wazishike. Siku zote waliishia kuzishika, kwa kuwa Anga ilitoa gawio kila mwaka bila kukosa. Zilpa alikuwa amepata hisa zake zamani, alipokuwa mshonaji wa tiara za kwanza. Kampuni haikuwa na fedha wakati huo, ikawalipa washonaji kwa hisa.

"Naitwa Yunisi Mghenyi," mgeni alisema. "Natoka kituo cha afya cha Ighumbi. Mimi ndiye mkunga."

"Na kifungo cha tatu cha koti lako ni cha bluu, vingine vyeusi," mzee mmoja aliyekaa kando ya dirisha alisema kwa furaha.

"Msamehe," Zilpa alisema. "Huyo ni mume wangu, Nahumu. Tangu apate macho hana adabu."

Nahumu alikuwa ameishi gizani miaka mingi. Sasa aliona kwa macho ya kukodi, vioo viwili vidogo vilivyounganishwa na ubongo, ambavyo huzimwa kodi yake isipolipwa. Gawio la Zilpa ndilo lililolipa.

Yunisi hakukaa. "Leo kwenye mkutano mkuu mnapiga kura kufuta Akiba ya Dharura."

Mzee Mughwai alirekebisha tai. "Ni ajenda ya nne. Akiba ni umeme ambao kampuni inautenga kwa vituo vya vijijini hata kama hakuna anayeulipia vizuri. Ukiuuza kwenye mabohari ya kompyuta, gawio linapanda karibu mara mbili. Ni hesabu tu, mwanangu."

"Nina watoto njiti sita kwenye viatamizi vya kuwapa joto, mzee. Mdogo kabisa anaenea kwenye kiganja changu. Kampuni ilipoahidi akiba, kituo kiliacha kununua betri. Umeme ukikatika, vile viatamizi ni masanduku."

Bi Salha aliweka kikombe chini.

"Tupige kura ya hapana," Zilpa alisema.

"Tupige na nini?" Mzee Mughwai hakuwa na ukali, alikuwa na uchovu. "Hisa zetu sisi watatu ni vumbi. Wenye Anga ni mifuko mikubwa ya uwekezaji, na mifuko inapigiwa kura na mawakala wa mashine. Wakala ameambiwa jambo moja tu, aongeze gawio. Halafu umesahau masharti? Wanaoipinga bodi hukosa nyongeza ya uaminifu. Mimi nasomesha wajukuu wanne kwa nyongeza hiyo."

"Na mimi nadaiwa kila kona," Bi Salha alisema, sasa bila kucheka. "Msinitazame hivyo. Nadaiwa."

Siku zote kikundi kilipiga kura kama mtu mmoja, na wawili walikuwa wamekwisha kusema. Zilpa alimgeukia mgeni, akaona kwamba mgeni ameelewa.

"Basi nawaomba kitu kidogo," Yunisi alisema. "Mizani haisubiri matangazo."

Mizani ilikuwa akili ya mashine iliyogawa umeme wa Anga. Azimio likipita, ilianza kulitekeleza papo hapo, ikiacha saa moja tu ya kuhamisha mzigo. Wananchi walitangaziwa jioni, soko la hisa likishafungwa.

"Kuna dawa moja ya mtoto njiti asiye na kiatamizi," mkunga aliendelea. "Kifua cha mtu. Unamfunga ngozi kwa ngozi, anapata joto lako. Lakini kina mama walioko wodini ni watatu. Wengine itabidi niwaite kutoka mashambani, na ni mbali. Siwezi kuwatoa watoto mapema kwa kubahatisha, maana kuna wawili wanaohitaji kila dakika ya mle ndani. Nikiipata ile saa moja, nitajaribu. Mtu anipigie tu, aniambie imepita au haikupita."

"Nitakupigia," Zilpa alisema.

"Zilpa!" Mzee Mughwai alisimama. "Saa ya kimya!"

Zilpa alikuwa anaijua. Tangu kura mpaka soko lifungwe, aliyetoa habari nje ya ukumbi alinyang'anywa hisa zake zote, ili asiwepo wa kununua au kuuza kwa siri. Aliijua, lakini mdomo ulikuwa umetangulia. Alimtazama Nahumu dirishani. Nahumu naye alikuwa akimtazama usoni kama mtu anayeukariri uso huo.

"Nimesema nitampigia," Zilpa alisema.

*

Ukumbi wa Anga ulikuwa na viti elfu na watu wachache. Viti vingi vilikuwa vya mawakala, kila kimoja na taa ndogo ya kijani mahali pa mtu. Walipofika kwenye ajenda ya nne, taa zile zilimetameta mara moja.

"Mawakala wamemaliza," mwenyekiti alisema. "Asilimia tisini na sita, ndiyo. Sasa, kwa heshima, tunawakaribisha wanahisa binadamu."

Mzee Mughwai alibonyeza ndiyo kwa niaba ya kikundi. Ukutani likawaka gawio jipya, na watu wakapiga makofi. Nyuma kabisa mama mmoja alikuwa akilia kwa furaha, labda naye alikuwa na mgonjwa wa kumlipia.

Zilpa alisimama.

Mzee Mughwai akamshika kitenge. "Kaa. Uamuzi umeshapita, simu yako haitaugeuza. Wale watoto, hata ukipiga... Mkunga mwenyewe kasema atajaribu tu. Lakini macho ya mwenzako yana uhakika. Yapo, Zilpa. Yanaona leo."

Yote aliyosema yalikuwa kweli. Zilpa alijua atakavyorudi nyumbani mikono mitupu. Alijua mwisho wa mwezi utakavyokuwa, Nahumu akinyoosha mkono kutafuta ukuta.

"Salha, nipishe."

Bi Salha alivuta magoti kumpisha. Hakuinua uso.

Mlangoni hapakuwa na askari, wala hawakuhitajika. Zilpa alipotoa simu tu, sauti ya upole ikatoka darini. "Mama Ntandu, hii ni saa ya kimya. Simu hii itafuta hisa zako zote na gawio la mwaka huu. Je, unafahamu?"

"Nafahamu."

"Tunakushukuru kwa miaka yote uliyokuwa nasi."

Simu iliita mara moja ikapokewa.

"Imepita," Zilpa alisema. "Watoe."

Yunisi hakuaga wala kushukuru. Hakukata hata simu. Zilpa alisikia ikitupwa mezani, kisha viatu vikikimbia, kengele ikipigwa kuwaita walioko mashambani, mkunga akipaza sauti: "Fungua vifungo! Wewe beba huyu. Wewe huyu, polepole, kichwa, shika kichwa!" Zilpa alitoka nje akasimama kwenye upepo wa Julai, simu sikioni. Dakika zilipita. Wanawake waliingia wakihema, mmoja, halafu mwingine. Kisha sauti ya Yunisi ikarudi, safari hii chini, karibu kama maombi.

"Bado wawili. Nani mwingine? Nani hajabeba?"

Hakuna aliyejibu. Zilpa hakukata simu.