Kidole cha Mapenzi

Rafiki yangu Kavata hupima malaria nyumba kwa nyumba huko Ganda. Mkasa huu alinisimulia mara moja tu, na hataki kuulizwa tena.

Bibi mmoja alimzuia mlangoni. "Mjukuu wangu Mapenzi mwache, mwanangu. Ni kigego, meno yake ya juu yalitangulia kuota. Watu wa hapa hata salamu hawampi."

Kavata akakasirika. Mtoto ni mtoto! Akaingia. Ulikuwa mchana, lakini ndani giza tupu. Binti mdogo aliyeketi mkekani akamwamkia shikamoo, akanyoosha kidole.

Kavata akachoma. Damu haikutoka. Akakamua, akachoma kingine. Kikavu.

"Pole, dada," Mapenzi akasema kwa aibu. "Sijala leo."

Bibi akaingia na kitoto cha mbuzi, akakipeleka pembeni gizani. Mapenzi akafuata. Kikalia mara moja, sauti ikakatika. Kisha ikaja sauti ya kufyonza, kama ya mtoto na embe.

Mkono mdogo ukatokea gizani, matundu yote mawili ya sindano yakivuja damu.

"Pima sasa, dada, ingali ya moto."