Kishikwambi cha Putulik na Ruhusa ya Mama Yake

Asubuhi hiyo Mialia alikuwa ameshachemsha chai na kukaanga mkate. Mumewe, Putulik, alikuwa amekaa sakafuni na binti yao Aalasi. Walikuwa wanakula samaki mbichi aliyeganda, wamemweka juu ya kipande cha boksi, kila mmoja anajikatia.

"Mama, kata taratibu," Putulik alimwambia binti yake. "Utajikata kidole."

"Mwanangu, mimi si mtoto," Aalasi akajibu.

Alikuwa na miaka saba.

Usishangae. Aalasi alipewa jina la marehemu mama yake Putulik. Katika kijiji chao, kaskazini kabisa ambako bahari huganda, mtu akirithi jina amerithi na heshima yake. Kwa hiyo Putulik alimwita binti yake Mama, naye Aalasi alimwita baba yake mwanangu. Mialia, akitaka kumtania, alimwita mama mkwe. Bibi mwenyewe enzi zake alikuwa mkali kwelikweli, na huyu wajina wake naye hakuwa haba.

Kila wiki Putulik alikwenda kupima barafu ya bahari. Kazi hiyo alipewa na chama cha wawindaji. Alitoboa barafu kwa keekee, akapima unene wake, kisha akaandika vipimo kwenye kishikwambi, ambacho pia kilimwonyesha njia. Akirudi, vipimo vilionekana kwenye ramani ya kijiji kizima. Mwindaji yeyote aliitazama kabla ya kutoka, ajue wapi barafu ni nene na wapi imekonda. Barafu iliyokonda humeza mtu pamoja na pikipiki yake ya theluji. Putulik aliipenda kazi hiyo kuliko alivyoweza kusema.

Alivaa koti lake la manyoya, akachukua chusa, mkuki wake wa kuwindia sili baharini, akatoka. Kishikwambi alikichukua kibarazani kwenye baridi, kando ya bunduki. Ndipo kilipolala siku zote. Bunduki ikiingizwa ndani kwenye joto hutoka jasho. Ukiitoa tena nje, jasho linaganda na bunduki haipigi. Kila mtu kijijini alilijua hilo, na Putulik aliona kishikwambi nacho ni hivyohivyo.

Mchana upepo ulibadilika. Theluji ikaanza kupeperuka, mara Mialia hakuiona hata nyumba ya jirani. Alimwita mumewe kwenye redio ya upepo. Kimya. Akamwita tena. Kimya. Alishika nguo ya kushona akaiacha, akashika sufuria akaiacha. Aalasi alisimama dirishani.

Jioni mlango ulifunguka. Putulik aliingia akiwa mweupe kwa theluji hadi kwenye nyusi. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeupe kama mshumaa.

Mialia hakuvisugua, maana kidole kilichoganda hakisuguliwi. Alivishika tu, akaviweka kwapani mwake, akakaa hivyo hivyo mpaka vikapata joto.

"Kishikwambi kilizimika," Putulik alisema. "Kilionyesha betri iko nusu, kisha kikazimika. Nilivua glavu ili nikibonyeze, wapi. Redio nayo haikushika. Nilikuwa sioni hata mbele ya pikipiki. Nikashuka, nikapapasa matuta ya theluji kwa miguu. Najua upepo mkubwa unayalaza upande gani, basi nikayafuata."

"Halafu?"

"Kidogo niingie kwenye ufa wa barafu. Nilichoma chusa mbele yangu, nikaona maji."

Mialia alifumba macho. Hakutaka kuona picha hiyo, lakini aliiona.

Ndipo Aalasi akasogea. Alimtazama baba yake usoni.

"Mwanangu, huendi tena."

Hakuna aliyecheka. Putulik aliinamisha kichwa. Mama akisema, hajibiwi.

Kesho yake mwenyekiti wa chama alipiga simu ya mezani. Alisema wataagiza vishikwambi vitatu vipya, vilevile kama kile cha zamani, vyenye kava nene za mpira.

"Mimi sitakwenda," Putulik alimwambia. "Mama amekataa."

Mwenyekiti hakubisha. Alimfahamu sana yule bibi. "Ah. Kama amekataa yeye, mimi nani?"

Siku zikapita. Mialia alipaswa kufurahi, maana mumewe alikuwa nyumbani, salama, mbele ya macho yake. Lakini Putulik alikaa dirishani akitazama bahari iliyoganda. Chai ilipoa mkononi. Aliwaza wawindaji wanaotoka bila vipimo vipya, na kila pikipiki ikinguruma, alisimama kutazama inaelekea wapi. Mialia aliona mtu wake anasinyaa, na roho ikamuuma.

Siku moja jirani yao Sala aliingia, bila kubisha hodi, kama watu wa huko wanavyoingiana. Sala ndiye aliyetunza vyombo vya chama. Alikuwa amepima barafu miaka mingi kabla magoti hayajamsumbua. Alikaa chini, akajikatia nyama ya sili, akatafuna kwanza.

"Shemeji," alimwambia Putulik, "nimekiona kishikwambi kibarazani. Kwani hiyo ni bunduki?"

"Kikiingia ndani kitatoka jasho."

"Kweli. Hapo hukukosea. Lakini bunduki haina betri. Betri ikipigwa baridi usiku mzima, nguvu zake zinapungua kabla hujaondoka nyumbani. Ndiyo maana kilikudanganya kwamba iko nusu."

"Sasa nifanye nini? Ndani jasho, nje baridi."

"Kitie kwenye mfuko usiopitisha hewa ukiwa bado nje. Ufunge vizuri, ndipo uingie nao. Jasho litatoka juu ya mfuko, kishikwambi kitabaki kikavu. Kikishapata joto la nyumba, kitoe. Na usikichaji kabla hakijapata joto. Betri iliyoganda ukiichaji, unaiua."

Mialia alisogea karibu. "Kwa hiyo kile cha zamani kinafaa, tukikitunza hivyo?"

"Hapana, dada. Kile ni cha mtu anayekaa kwenye kochi. Wamekivisha mpira tu. Mpira unasaidia kikianguka, lakini hauzuii baridi."

"Kwenye boksi waliandika imara," Putulik alisema.

"Hata mimi, na magoti haya, naweza kuandika kwenye paji la uso kwamba ni msichana."

Mialia alicheka hadi akashika mbavu. Alikuwa hajacheka tangu siku ile ya upepo.

"Usisome neno kubwa la mbele," Sala aliendelea. "Soma karatasi ya ndani. Tafuta palipoandikwa kinafanya kazi kwenye baridi kiasi gani. Na uwe mwangalifu. Kuna baridi ambayo chombo kinaweza kuwekwa ghalani kikiwa kimezimwa, na kuna baridi ambayo kinaweza kufanya kazi. Wauzaji wengine wanakuonyesha ile ya ghalani."

"Basi tuagize kizuri, yaishe," Putulik alisema. Kisha akakumbuka, akamtazama binti yake kwa pembe ya jicho.

Aalasi alikuwa anachora. Hakuinua kichwa. "Nimeshakataa," alisema.

Sala aliweka kisu chini. Alimgeukia mtoto na kuzungumza naye kwa adabu, kama alivyozungumza na bibi zamani.

"Mama mkubwa, uko sahihi kukataa. Mimi pia nisingemruhusu na kile kibovu. Lakini muuzaji ametuletea vitatu vya aina tofauti, tuvijaribu kabla ya kuagiza. Njoo uvijaribu wewe. Ukivikataa vyote, nitanyamaza."

Aalasi alifikiri. "Naweza kuviangusha?"

"Tena kwa nguvu."

Basi siku iliyofuata, jua likiwa kali juu ya theluji, walitoka wote wanne mbele ya nyumba, kando ya ufukwe. Baridi ilikuwa nyuzi thelathini chini ya sifuri. Sala aliviweka vishikwambi vitatu juu ya sleji, gari lao la kuburutwa kwenye theluji, vikiwa vimewashwa, na wao wakaingia ndani kunywa chai.

Walipotoka, cha kwanza kilikuwa kimezimika.

"Hiki hakina haja ya kuulizwa," Sala alisema. "Karatasi yake inasema mwisho nyuzi kumi chini ya sifuri. Hakikutudanganya. Ni sisi tungejidanganya."

Cha pili kilikuwa kinawaka. Kilikuwa chepesi na kizuri, hata Putulik alitabasamu. Lakini alipokigeuzia jua, kioo kikawa cheusi. Aliona uso wake tu.

"Ramani iko wapi?" Aalasi aliuliza.

"Ipo, Mama, ila siioni."

"Basi haipo."

Cha tatu kilikuwa kizito na hakikuwa na sura ya kupendeza. Mialia alipokitazama alidhani ni kifaa cha fundi bomba. Lakini ramani ilionekana waziwazi juani. Putulik alikibonyeza bila kuvua glavu, kikaitika. Pembeni palikuwa na vitufe vikubwa, na kalamu iliyofungwa kwa kamba isipotee kwenye theluji.

"Mbona kinajua tulipo?" Mialia aliuliza. "Hapa ufukweni mtandao wa simu haufiki."

"Kinapata mahali kilipo kutoka kwenye setilaiti," Sala alisema. "Na ramani imehifadhiwa humu ndani. Kuna vishikwambi vinavyotegemea mtandao wa simu kwa vyote viwili. Huko barafuni ni kioo kitupu. Uliza jambo hilo kabla ya kununua, usiulize baadaye."

Aalasi alinyoosha mikono. Alikibeba kishikwambi hadi juu ya ngazi, akakiangusha, kwa kona, juu ya barafu. Akakishika tena, akakiangusha kifudifudi. Kisha akakimwagia chai yake.

"Mama mkwe," Mialia alimnong'oneza, "inatosha. Bado si chetu."

Kilikuwa kinawaka.

"Na betri ikiisha?" Aalasi aliuliza.

Sala alionyesha. Alifungua nyuma, akatoa betri, akaweka nyingine, na kishikwambi hakikuzimika hata kidogo. "Kuna betri ndogo ndani inayokishikilia kwa muda. Hii ya pili atatembea nayo ndani ya shati, karibu na tumbo lake. Hapo ina joto daima. Moja ikichoka, anabadilisha."

Aalasi alimtazama baba yake kwa muda mrefu. Putulik alisimama mbele ya binti yake, glavu mkononi, kama mvulana anayeomba ruhusa ya kwenda kucheza.

"Na chusa utabeba?"

"Nitabeba, Mama. Kishikwambi kinanionyesha njia. Chusa ndiyo inayoniambia kama barafu itanibeba."

"Basi nenda, mwanangu."

Mwenyekiti alikohoa aliposikia bei, lakini Sala alimwambia kimoja kinachofanya kazi ni bora kuliko vitatu vinavyolala. Alihakikisha pia kwamba muuzaji ana betri za akiba na fundi wa kukitengeneza. Kikaagizwa. Mialia alishona mfuko wa ngozi ya sili wa kukivaa kifuani.

Wiki nyingi zilipita bila shida. Kisha siku moja upepo ukaja tena. Theluji ilipeperuka, nyumba ya jirani ikapotea. Mialia alisimama kando ya redio, moyo ukimwenda mbio. Alijiambia kishikwambi ni kizuri. Moyo haukusikia.

Redio ikakwaruza.

"Mialia, unanisikia? Nimefika karibu na ghuba. Sioni kitu, ila kwenye kishikwambi naiona njia niliyopita asubuhi, naifuata polepole. Betri nimebadilisha. Mlangoni mwa mto barafu imekonda sana. Waambie watu wasipite."

"Nimekusikia," Mialia alisema.

Kabla hajaweka redio, sauti ya mwindaji mmoja ikaingia. "Nimesikia na mimi. Nilikuwa nafunga sleji nipite hukohuko. Nitangoja. Ahsante, Putulik."

Walingoja. Chai ilichemka, ikapoa, ikachemshwa tena. Aalasi alikaa kwenye kiti, mgongo wima, mikono mapajani, vilevile bibi yake alivyokuwa akikaa akiwangoja watu wake. Mialia alimwangalia akashindwa kujua amfariji nani, mtoto au mama mkwe.

Mlango ulifunguka. Putulik aliingia na theluji yake. Vidole vyote kumi vilikuwa vizima. Kishikwambi kilikuwa kifuani, kwenye mfuko wake, kinawaka.

Aalasi aliruka kutoka kwenye kiti. Alimkimbilia, akamkumbatia miguu, akaficha uso kwenye koti lililojaa theluji, akalia kwa sauti.

"Baba," alisema. "Baba, Baba."

Putulik alipiga magoti akamshika. Tangu azaliwe, alikuwa hajawahi kumwita hivyo.

Mialia aliwageuzia mgongo, akakoroga chai ambayo haikuwa na haja ya kukorogwa, akajifanya hakusikia.