Mapigo ya Zawadi

Haya nimeyapata kwa Emilia wa Masasi, shangazi yake Lois, msimu ule wanunuzi binafsi wa korosho walipoanza kuingia na mizani zao. Tulikuwa tunabangua, vidole vimeungua kwa mafuta ya maganda, naye ananisimulia huku anacheka mpaka machozi.

Lois alikuwa karani kwenye kampuni moja ya wanunuzi hao, pale pale Masasi. Siku moja alipanda Newala na gauni lake la njano, raba nyeupe zimeshageuka nyekundu kwa vumbi, akapenya sokoni katikati ya wauza mbaazi na ndoo za maji mpaka kwenye meza ya Filemoni, fundi wa saa na redio. Kijana shati la drafti limepigwa pasi, bisibisi nyuma ya sikio. Lois akaweka mezani kidude kama kipande cha sabuni, kina kioo na vitufe.

"Karibu, dada. Redio gani hii haina spika?"

"Si redio. Inahesabu gofu."

"Gofu ndiye nani?"

"Ni mchezo! Unapiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie shimoni. Kila ukipiga, unabonyeza hapa. Jioni inakwambia umepiga mara ngapi, wapi umeharibu, na kama umezidi kuwa hodari au umerudi nyuma."

"Na mpira ukishaingia?"

"Unautoa, unaenda shimo lingine."

"Yaani watu wazima wanatia mpira shimoni ili wautoe?"

"Fundi, tengeneza mashine!"

Filemoni akasugua kutu, akatia betri ya saa, kioo kikawaka. Lois akafungua pochi. Filemoni akatikisa kichwa. "Nioneshe huo mchezo, tumemalizana."

Basi ikawa kila Jumapili baada ya ibada, Filemoni yuko Masasi. Nyuma ya ghala, chini ya milima ya mawe, meneja wa kwanza wa kampuni, mgeni mmoja, alikuwa amefyekesha kiwanja cha mashimo tisa. Majani hakuna; kila shimo limezungukwa na mchanga uliomwagiwa oili chafu ili upepo usiuchukue. Alipohamishwa, alimwachia Lois fimbo na mashine ile, maana Lois aliwashinda hata wanaume.

"Shikamoo, shangazi," Filemoni akamwambia Emilia.

"Marahaba. Mbona unahema? Mfuko wa fimbo mzito?"

"Mfuko mwepesi, shangazi. Kizito ni kumtazama anayepiga."

Lois akamtupia mpira. Lakini macho yake yalikuwa yameshasema.

Kampuni ikatangaza mashindano ya Jumapili mbili. Mshindi angekwenda Dar es Salaam kucheza na matawi mengine, na Lois alikuwa anaiota safari hiyo tangu aliposhika fimbo. Mpinzani wake alikuwa Julia, keshia.

Jumapili ya kwanza Lois alicheza kama amepakwa dawa. Filemoni alibeba mfuko na kubonyeza mashine. Lori la Newala likapiga honi kabla ya matokeo, Filemoni akamkabidhi Lois mashine, akakimbia kulipanda. Cuthbert, mtunza ghala na mwenyekiti wa mchezo, akasoma. Lois amepitwa na Julia mapigo saba.

"Haiwezekani, mzee!"

"Ni mashine yako, Lois. Na mashine haina ubaya na mtu. Kilichosomwa kimesomwa."

Kesho yake simu ya ofisini ikalia, Filemoni yuko posta ya Newala.

"Haloo, bingwa wangu! Hongera!"

"Hongera ya nini?"

"Ya ushindi! Kila ulipopiga vizuri nilikuongezea kidogo. Mpenzi wangu asipungukiwe."

Lois akainuka kitini. "Umeniongezea? Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu huu!"

Akabwaga simu. Akamkumbuka Julia akimnunulia Filemoni soda kabla ya mchezo. Ndiyo bei yangu, akawaza, soda moja, na sasa anapiga simu kunicheka! Alilia mpaka kitambaa cha kichwa kikalowa. Simu zilizofuata hakupokea.

Emilia hakuamini kwamba Filemoni amemsaliti Lois. Akavaa kitenge chake cha safari, akaenda Newala.

"Mwanangu, kwa nini umemwongezea mwenzio?"

"Ili ashinde, shangazi. Kwenye mpira, mwenye mabao mengi. Kwenye mizani, mwenye kilo nyingi. Kwani kuna kushinda kwa kidogo?"

"Kwenye gofu mwenye machache ndiye mshindi!"

Filemoni akashika kichwa. "Mungu wangu. Nimemzika." Emilia alicheka mpaka jirani akamletea kikombe cha maji, na Newala maji hayatolewi hovyo.

Jumapili ya pili Filemoni akasimama pembeni ya kiwanja, shati lile lile, macho chini. Lois, sketi nyeupe, kiuno kimefungwa kanga, akamwendea. Shangazi alikuwa ameshamwambia yote.

"Miezi yote hiyo umebeba mfuko, hukujua?"

"Nilikuwa sitazami mchezo, Lois. Nilikuwa nakutazama wewe."

Lois akauma mdomo asicheke. "Beba. Ukibonyeza mara mbili, nitakupiga wewe niache mpira."

Akacheza. Shimo kwa shimo akayala yale mapigo saba. Julia jasho likamtoka, mpira wake ukazama kwenye kichaka cha pembeni. Shimo la tisa, mpira wa Lois ukaviringika polepole juu ya oili, ukasita ukingoni, ukatumbukia. Filemoni akabonyeza, mara moja. Cuthbert akajumlisha Jumapili zote mbili, akarudia, akavua kofia: Lois mbele kwa pigo moja, safari ya Dar ni yake! Vigelegele vikarudi kutoka kwenye mawe.

"Nimeshinda na zawadi yako mgongoni," Lois akasema.

"Mwanamke wa hivyo nitampata wapi tena? Nikituma wazee kwenu, watapewa kiti?"

"Kiti na chai. Ila kwenu maji ni ya ndoo."

"Nitachota mwenyewe. Na kwenye ndoo mwenye nyingi ndiye mshindi, au nimekosea tena?"

Lois akamshika mkono mbele ya watu wote.

Usiku ule Emilia alilala wa kwanza, bado anacheka. Filemoni, aliyepewa mkeka kwa Cuthbert, akafuata. Lois akaitazama namba ile ndogo kwenye kioo, akazima mashine, akaisukuma chini ya mto, akalala.